Mwanafatuma Sasa Anawaamuru Wageni

Maji yamekupwa Kibuyuni. Mwanafatuma Zahoro, mkulima wa mwani, amesimama ufuoni mbele ya wageni kutoka Uhispania. Hajawaonyesha shamba lake bado. Anawakazia macho, anasema: "Cuando yo diga, tienen que salir." Yaani nikisema mimi, lazima mtoke.

Anawataka walirudie agizo hilo, mmoja mmoja, hata mzee mwenye ndevu nyeupe. "Wanacheka," asema. "Nawaacha wacheke. Lakini hashuki mtu hajasema."

Hakuwa hivi. Kihispania alifundishwa na nduguye, Abdulrahman, mhudumu wa hoteli Diani, ambaye kazi yake ni kubembeleza. "Mgeni haamrishwi, dada," alimwambia. "Mwambie debería, yaani ingefaa." Naye Mwanafatuma, aliyelelewa kumstahi mgeni hata anapokosea, akalishika hilo.

Mwaka jana alikuja mama mmoja na bintiye mdogo. Wakiwa kule kwenye vigingi vya kufungia mwani, maji yakaanza kurudi. Hapo bahari haikujii kwa mbele. Hujaza kwanza mkondo ulio nyuma yako, upande wa pwani, nawe ungali umesimama pakavu.

Mwanafatuma akasema ingefaa tutoke. Mama akatabasamu, akaendelea kupiga picha. Akasema tena, kwa adabu ile ile, na radhi akaomba.

Walipogeuka, mkondo ulikuwa wa kufika kifuani. Wakauingia. Mtoto akamponyoka mamake.

"Nilishika nywele," Mwanafatuma asema. "Nywele tu. Kingine sikukiona."

Mtoto alitapika maji, akalia, akapona. Mamake aliuliza: mbona hukunipigia kelele?

"Nimjibu nini? Kwamba niliona haya? Mwana anakufa, mimi naona haya?"

Wenye watoto tulisome hili mara mbili. Mtoto alikaribia kufa huku watu wazima wakistahiana.

Abdulrahman hajakubali bado. "Utawafukuza wageni, dada. Una sauti ya askari jela."

"Wafike kwao wazima," amjibu. "Wasiporudi, basi."

Sasa anapanga kuwafundisha Kihispania wanawake wote wa mwani wanaopokea wageni. Maneno ya kubembeleza watajifunza baadaye. Wataanza na hili la lazima, tena kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mkondo.

Shambani, maji yamegeuka. Mwanafatuma anasema mara moja tu. Mzee mwenye ndevu, viatu mkononi, ndiye wa kwanza kutoka.