Uso wa Mama Anaeli haubonyezeki

Leo nimeambiwa ukurasa wa mtandaoni niliotengeneza kwa siku nne umekufa.

Aliyesema ni jirani yangu Mama Anaeli, anayekaribisha wageni kuonja kahawa shambani kwake, juu ya kijiji cha Maji ya Chai. Ukurasa ni wa kuwaita wageni hao, ila hakuna anayempigia.

"Shikamoo mwalimu. Nimejibonyeza usoni mara kumi, sijafika popote!"

Kumbe kiungo cha kupigia nilikiweka kwenye maneno yaliyo chini ya picha yake tu: "Piga simu."

Watu hubonyeza picha. Semeni kweli, ninyi mngebonyeza wapi?

Nikamwambia siinuki mpaka uso wake uite.

Nikaiunganisha picha na namba yake. Ikagoma. Nilikuwa nimeruka tarakimu moja. Nikarudia.

Akajibonyeza kwenye simu yangu. Ya kwake ikaita mkobani.

Akapokea haraka: "Haloo, karibuni sana! Mko wangapi?"