Mbao Nilizozipigilia Misumari

Mpaka leo mwili unanisisimka nikikumbuka nilivyokuwa mjuaji. Miaka ya tisini nilipangiwa kufundisha katika kijiji kimoja upande wa Lionja, nikaenda na mke wangu, mjamzito. Kufika hospitali Nachingwea lazima uvuke mto kwa daraja walilolijenga wenyeji: magogo mawili ya mninga yamelazwa juu ya nguzo za mawe na vipande vya reli ya zamani aliyoijenga Mwingereza kusafirishia karanga, juu yake mbao zimefungwa kwa kamba za magome. Msumari hata mmoja hakuna. Nililicheka sana.

Mvua kubwa zilipokaribia nikawakuta wanaume wanazifungua zile mbao na kuzibeba. Fundi wa daraja, Mmwera wa umri wa baba yangu, akaniambia, "Mwalimu, tunazitoa kila mwaka. Tutapita juu ya magogo, mgonjwa tunambeba."

"Mke wangu apite juu ya gogo na tumbo lile? Nyie watu vipi?"

Kuuliza si ujinga, ila mimi sikuuliza. Nilifoka mpaka wakaniachia, maana mwalimu enzi zile aliheshimiwa. Nikanunua misumari ya inchi sita, nikazirudisha mbao na kuzipigilia mwenyewe. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Mvua ikanyesha siku tatu. Asubuhi ya nne uchungu ukamshika mke wangu, majirani wakamweka kwenye machela, tukakimbia mtoni. Daraja halikuwepo. Siyo mbao tu, hata magogo. Fundi akanieleza taratibu: magogo matupu maji huyapita juu na kuyaacha, lakini safari hii matawi yalinasa kwenye mbao, maji yakakosa njia, yakang'oa kila kitu.

Binti yetu alizaliwa pale pale ukingoni, wanawake wamemzungushia mama yake khanga. Kamba ya kitovu ilikuwa imemkaba shingo. Nilisubiri alie. Nikasubiri tu, mama mmoja akamfunika uso, na mimi bado nasubiri.

Fundi ndiye aliyechimba kaburi la binti yetu, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Heri angenitukana. Tulipomaliza kuzika akapangusa udongo mikononi, akanisogelea.

"Pole, mwalimu. Kesho twende tukakate magogo mengine. Wenye mimba bado wapo."