Mistari Yenye Nukta Mbili

Siku ya khitma ya mume wangu nilikuwa ndani, eda imeshaanza, na yule aliyekuwa mkubwa wake kazini alikuwa barazani pamoja na wanaume. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akiwaeleza watu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba alimpokea marehemu hotelini akiwa hajui hata kuwasha kompyuta. Kisha akasema, "Hata kile kitabu changu cha mapishi, mimi nilikuwa nasema na yeye anaandika. Alikuwa mkono wangu."

Watu wakamwombea marehemu rehema. Mimi niliweka tasbihi chini. Mapishi yale yalikuwa ya mama yangu.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli hapa Msambweni. Harusi, matanga, maulidi, yeye ndiye aliyeitwa kusimamia masufuria makubwa. Hakujua kusoma herufi za kizungu, alisoma Kurani tu. Mume wangu alikuwa karani katika hoteli moja ya Diani ambayo sasa imefungwa, na mkubwa huyo ndiye aliyekuwa meneja. Kompyuta zilipofika hotelini mara ya kwanza, meneja alitaka kitabu cha vyakula vya pwani cha kuwauzia wageni. Mume wangu akamwambia mama mkwe wake anavijua vyote.

Kwetu mkwe mwanamume hakai na mama mkwe wakatazamana. Basi mume wangu alikaa barazani na daftari, mama akakaa jikoni, na mimi nikasimama mlangoni katikati yao. Nyumba ni ndogo na kila mtu alimsikia mwenzake vizuri, lakini maneno yote yalipita kwangu.

"Mwambie mumeo vitunguu viwe vyekundu, visiwe vyeusi," mama alisema.

Nami nikageuka nikarudia.

"Mwulize mama, tui zito linaingia lini?"

"Mwambie akiliingiza mapema atakula mafuta, hatakula mchuzi. Na mwambie acheke kimyakimya, namsikia."

Iliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Siku moja, tulipokuwa kwenye samaki wa kupaka, mama aliuliza jambo ambalo halikuwa la chakula. Alitaka kujua jina lake litakaa wapi katika kitabu. Nilimwuliza mume wangu. Alifungua ukurasa mwingine wa daftari, akasema, "Mwambie litakaa mwanzo kabisa." Nikageuka nikamwambia mama hivyo. Alifurahi, ingawa alijifanya anapuliza moto.

Kitabu kilipotoka, mume wangu alileta nakala moja. Mama aliifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole, akaniuliza, "Niko wapi hapa?" Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Nilisoma ukurasa ule wote, nikaugeuza, nikasoma wa pili. Lilikuwepo jina la meneja na shukrani kwa bibi yake meneja aliyemlea. Mama alinitazama usoni, akafunga kitabu taratibu.

"Mwambie mumeo nimekiona," alisema.

Hakumtajia tena chakula hata kimoja. Alikufa miaka michache baadaye, na mpaka leo sijui kama alikasirika au alivunjika moyo tu. Mume wangu aliniapia kwamba meneja aliliondoa jina dakika ya mwisho bila kumwambia. Nilimwamini. Chuki yote nikaipeleka kwa meneja, nikakaa nayo miaka na miaka, na sikumwambia mtu. Nikimwona Ukunda nilimwamkia shikamoo na moyoni namwombea aanguke.

Hotelini walipoletewa kompyuta mpya, moja ya zile za kwanza alipewa mume wangu, pamoja na printa yake. Ilikaa chumbani kwetu, imefunikwa kitambaa nilichofuma mwenyewe. Skrini yake ni nyeusi, herufi za kijani, haina picha wala kipanya. Unaweka diski laini ya programu ya kuandikia upande mmoja na diski ya kazi yako upande wa pili, kisha unasubiri inakwaruza. Mume wangu aliifungua kila mwezi akaifuta chumvi na vumbi. Aliwaandikia watu barua za maombi na mialiko ya harusi humo hata wengine walipokuwa wanaandika kwenye simu. Alinifundisha kidogo, ili nimsaidie macho yake yalipoanza kufifia.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Mjane anakaa nyumbani, na mimi nilikuwa na hasira na sina pa kwenda. Alasiri moja niliifunua kompyuta. Diski nyingi zilikuwa zimeota ukungu. Moja iliyoandikwa "Vyakula" kwa mkono wake ilifunguka.

Ulikuwa ule ule muswada wa kitabu. Lakini kwenye skrini kulikuwa na mistari ambayo katika kitabu haimo, na kila mmoja ulianza kwa nukta mbili zilizofuatana. Nilikumbuka alivyonieleza zamani. Katika programu ile, mstari ukianza na nukta mbili unaonekana kwenye skrini tu. Printa inauruka. Yeye aliitumia kujiandikia kumbukumbu, kwa herufi ndogo tupu.

Juu ya pilau: "..haya kayasema mama mkwe, jikoni kwake, jumanne."

Juu ya wali wa nazi: "..mama mkwe hakusema vikombe. amesema kata mbili za tui. mkubwa anataka vikombe kwa ajili ya wazungu."

Juu ya pweza: "..mkubwa anasema tuandike ni wa bibi yake. bibi yake alikuwa hali pweza."

Nilicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu mazishi. Kila chakula kilikuwa na mstari wake, na karibu kila mstari ulimtaja mama. Nilijua papo hapo nitakachofanya. Ukiziondoa nukta, mstari unachapika kama mingine. Nilianza kuziondoa, mbili mbili, kwa kidole kimoja, na kila nilipofuta nilimwona yule bwana amekaa barazani kwangu akisema mkono wangu, mkono wangu.

Nilipofika kwenye samaki wa kupaka nikasoma hivi:

"..mama mkwe ameuliza jina lake litakaa wapi. nimemwambia mke wangu amjibu mwanzo kabisa. si kweli. mkubwa alishakataa tangu ijumaa, na mimi nimekubali. kompyuta atanipa mimi."

Nilizima mashine. Kwa siku tatu sikuigusa. Nilikuwa nimevaa nguo za eda za mtu huyu. Na uongo ule ulipita kinywani mwangu, mimi ndiye niliyeupeleka jikoni.

Ningeweza kuuacha mstari ule na nukta zake. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nataka kumvua mtu nguo mbele ya watu kwa sababu alificha, na nisingeweza kufanya hivyo nami nimeficha. Siku ya nne niliziondoa nukta zake pia.

Utepe wa printa ulikuwa umekauka. Eda ilipokwisha nilikwenda nao Ukunda kutafuta mwingine, na fundi mmoja wa kutoka bara akaugeuzageuza akasema, "Mathe, hii kitu ilienda na kina babu." Nikanunua wino wa mihuri, nikaulowesha utepe ule mwenyewe. Printa ilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Karatasi zake ni zile zenye matundu pembeni, zinatoka zimeshikana, na sikuzikata.

Mkubwa alikuwa anakitoa kitabu chake upya, kwa hafla ya chakula cha mchana katika hoteli nyingine ya Diani. Aliniletea mwaliko kama mjane wa karani wake. Nilivaa buibui jipya, nikachukua karatasi zangu na ile nakala ya mama.

Vitabu vilipangwa juu ya meza ndefu. Kabla hajaanza kuzungumza nilikwenda pale, nikaiweka karatasi ya kwanza juu ya vitabu na kuitandaza. Ilifika mwisho wa meza ikateremka mpaka sakafuni. Watu wakaja na sahani zao, wakainama kusoma. Mama mmoja alisoma ule mstari wa bibi asiyekula pweza kwa sauti, na wenzake wakacheka.

Yeye alikuja mwisho, na miwani yake. Alisoma muda mrefu. Nilimtazama shingo ikitoka jasho, na nasema kweli, nilifurahi. Alipofika chini kabisa akaniinamia na kusema polepole, "Bibi, huu wa samaki ungeuficha. Unamwaibisha marehemu wako."

"Nimeuona," nilimjibu. "Yeye alikubali. Wewe ndiye uliyekataa."

Nikampa kalamu na kitabu cha mama, kimefunguliwa ukurasa wa kwanza. Nikamwambia aandike jina la mpishi. Alishika kalamu, akaiweka juu ya karatasi, na ikakaa pale pale. Kisha akaniuliza kwa sauti ambayo meza nzima iliisikia:

"Alikuwa akiitwa nani?"

Nilimngoja kidogo, ili kila mtu aelewe. Ndipo nikamtajia jina la mama, na la baba yake, na la babu yake. Aliandika yote matatu. Mimi sikumhurumia, na sijamhurumia bado. Vitabu vingine viliuzwa vilevile siku ile, sikuwa na la kufanya.

Mume wangu siwezi kumpa kalamu. Kila Ijumaa nasoma Yasini yake, kisha nakaa nimenuna. Niliporudi kutoka Diani niliwasha kompyuta, nikaenda mwanzo kabisa wa muswada, juu ya kila kitu, nikaandika jina la mama bila nukta yoyote, nikahifadhi. Mstari wa samaki wa kupaka upo vilevile. Sikuurudishia nukta zake.