Plasta Juu ya Taa ya Mjerumani

Kwa miaka mingi nilikana kwamba taa ya injini kwenye gari langu inawaka. Nilikana mbele ya vijana wa kubadilisha oili, nilikana mbele ya jirani zangu wa Bur Dubai, na kukana kwa mdomo kulipokuwa hakutoshi nilichukua plasta ya kidonda, ile ya rangi ya ngozi, ngozi ya mtu mwingine na si yangu, nikaibandika juu ya taa. Aliyeuliza nilimwambia kioo cha dashibodi kina ufa. Sasa naungama: kioo hakina ufa. Chini ya plasta kuna taa ya rangi ya chungwa, na mtu mwenye akili zake angeshaliwahisha gari kwa fundi zamani.

Sikukana kwa ubahili. Nilikana kwa imani. Gari langu ni la Kijerumani, na mimi, mwanamke niliyesoma chuo kikuu na kuandika tasnifu nzima ya kuwasuta watu wanaoabudu vitu vya mkoloni, niliamini moyoni kwamba Mjerumani hakosei. Kampuni inasema magari yake hayasumbui, taa inasema gari linasumbua. Basi mwongo ni taa.

Imani hiyo sikuipata Dubai. Nilikokulia mkoani Tanga, kila kitu kilichosimama imara kilikuwa cha Mjerumani. Boma la Mjerumani. Daraja la reli la Mjerumani. Daraja la serikali yetu likisombwa na mvua, watu husimama ukingoni wakitikisa vichwa: lile la Mjerumani liko palepale, unaliona? Bibi yangu tu ndiye hakuwahi kusema hivyo. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe ya daraja hilo, kwa viboko. Mtu akilisifu mbele yake aliuliza, "Huyo Mjerumani alibeba mawe mangapi?" Sisi wajukuu tulicheka. Tulidhani ni uzee.

Kampuni iliyotengeneza gari langu sitaitaja. Ina watu wa kutosha wa kuitaja. Historia yake naijua kama wengine wanavyojua maisha ya watakatifu. Karakana ndogo, wahandisi wenye masharubu, mashindano ya mbio, kisha vita. Katika vitabu vyenye picha nzuri, vita huchukua ukurasa mmoja, na ukurasa huo husema kwamba kiwanda "kiliendelea na uzalishaji". Ilinibidi nisome vitabu visivyo na picha ili nijue nani alikuwa akizalisha: mateka, na watu waliokamatwa katika nchi zilizotekwa, wakalazwa kwenye mabanda ya mbao nyuma ya kiwanda. Baada ya hapo ikaja amani, ikaja sifa. Halafu, miaka yetu hii, ukaja ule uongo wa moshi wa dizeli katika viwanda vya nchi ile, magari kufundishwa adabu mbele ya mpimaji na kutapika yakifika barabarani. Nilisoma yote hayo. Nilikasirika inavyostahili mtu msomi kukasirika. Kisha nikaenda kwenye yadi za magari yaliyotumika, nikazunguka juani hadi nikapata lenye nembo niliyoitaka, na nyumbani nikatangaza kwamba nimelinunua basi tu, mwenyewe alikuwa anahama haraka.

Ningezikwa na plasta yangu kama si mdogo wangu.

Huyu ni mtoto wa mama yangu mdogo. Nyumbani aliendesha mabasi ya mikoani. Hapa ni dereva wa nyumba huko Al Warqa, kwa familia moja ambayo nilifahamiana nayo kupitia ofisi ya mizigo ya Deira ninakofanya kazi ya kutafsiri nyaraka. Mimi ndiye niliyemsemea kazi. Hupeleka watoto shule, humpeleka madam saluni, humpeleka sir uwanja wa ndege; ndivyo waajiri wanavyoitwa hapa, madam na sir, hata na sisi tusiowafanyia kazi. Gari ni kubwa, jeupe, la kampuni ileile ya gari langu ila jipya. Siku alipokabidhiwa ufunguo alinipigia simu akinong'ona, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike. "Dada, nimepewa Mjerumani!"

Shule ndiyo kwanza zilikuwa zimefunguliwa na joto lilikuwa bado halijaondoka. Alasiri moja, kwenye barabara kuu, madam na watoto wakiwa ndani, Mjerumani alichemsha. Mvuke ukatoka chini ya boneti, injini ikazima, kiyoyozi kikafa, watoto wakalia. Hakuna aliyeumia. Gari likavutwa hadi gereji ya kampuni yenyewe, na kabla fundi hajaifungua boneti, sir alikuwa ameshatoa hukumu.

"Gari la Kijerumani halifanyi hivi," alimwambia mdogo wangu. "Wewe umelifanya kitu."

Akanyang'anywa ufunguo, akaambiwa akakae kwa ndugu zake mpaka gereji itakaposema. Gereji ikisema ni mkono wa dereva, viza inafutwa na anarudishwa. Ndivyo alivyofika kwangu na begi lake dogo, akaketi kwenye kochi langu, magoti pamoja, kama abiria aliyepitilizwa kituo. Sote wawili tulijua maana yake. Nyumbani, ni mwenye basi gani angempa usukani mtu aliyerudishwa kutoka Dubai kwa kuua Mjerumani?

Na mimi, dada yake mkubwa, mwenye tasnifu, nilimpa chai, nikamkalia mbele, nikamuuliza, "Lakini niambie ukweli. Hukulifanya kitu kweli?"

Aliweka kikombe chini. "Dada," akasema. "Hata wewe?"

Jumapili huwa tunakula pamoja kwangu, mimi na nesi mmoja Mkenya na mlinzi mmoja Mganda wa jengo la jirani. Mdogo wangu alikuwa jikoni akichambua mchele. Jikoni kwangu na sebuleni kwangu vinatenganishwa na pazia tu.

"Hiyo gari haiwezi kufa hivyo tu," alisema nesi. "Aki dada, lazima kuna kitu alifanya. Hata kama hakujua."

"Mimi nasimama kwa parking ya watu wakubwa," alisema mlinzi. "Hizo za Germany hazisumbuangi. Kijana alisahau maji, nnyabo. Alisahau tu."

"Ameendesha mabasi ujana wake wote," nikasema.

"Basi na Mjerumani!" Nesi alicheka hadi akashika kifua. "Si ni kama kutoa mtu kibanda cha chapati umpeleke jikoni ya ikulu?"

Nilicheka na mimi. Naliandika hilo kwa sababu linaniudhi hadi leo. Tulikuwa Waafrika watatu tunasubiri wali, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona pampu ya gari ikiwa nje ya gari, na tulikuwa tumeshamhukumu mtu wetu kwa niaba ya chuma. Hakuna aliyetulipa. Hakuna hata aliyetuomba. Nyuma ya pazia mchele uliacha kulia kwenye sinia.

Kesho yake jioni nilivaa nguo zangu za ofisini, nikamtia mdogo wangu kwenye gari, tukaenda Al Warqa. Njia nzima aliitazama plasta, kama kawaida yake. Mara nyingi alikuwa amenisihi nikamwone fundi, na mimi nikamjibu kuhusu ufa wa kioo.

Tulikaribishwa sebuleni. Mimi nilipewa kiti na kahawa; yeye alisimama mlangoni, mikono nyuma. Sir hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyesikitika, na hilo ni gumu zaidi kubishana nalo. Alinionyesha simu yake, picha za kamera ya getini. Katika kila picha gari linaingia, linasimama, lakini halizimwi. Mdogo wangu anakaa ndani, injini inanguruma, hakuna anachofanya. Baadaye anazima, anashuka, anazunguka mbele, na anaipiga boneti makofi mawili.

"Unaona?" alisema sir. "Kila siku anaichoma injini. Kwenye joto hili."

"Na analipiga," alisema madam. "Watoto wamemwona. Kila siku analipiga."

Nilijua ninachokiona, kwa sababu nimekulia karibu na stendi ya mabasi. Dereva wa safari ndefu akifika hazimi injini ghafla. Anaiacha ipumue kwanza, kama mtu aliyepanda mlima anavyosimama kabla ya kuketi. Na yale makofi mawili ni asante. Hakuna dereva wa basi la mikoani asiyelishukuru basi lake. Niliwaeleza hayo yote kwa Kiingereza changu cha chuo.

"Basi la abiria," alisema sir, kwa uso wa mtu aliyetajiwa punda. Kisha akachungulia dirishani. "Lile gari lako pale nje, si la kampuni ileile? Na ni la zamani. Limewahi kukusumbua?"

"Hata siku moja, sir," nikasema.

Lilinitoka lenyewe, na kifua nilikitoa mbele. Nilijibu kama ninavyowajibu watu siku zote, kwa fahari, na neno lilipokwisha kutoka ndipo nilipolisikia.

"Khalas, yamekwisha," alisema sir, akafungua viganja. "La zamani halijasumbua. Jipya limesumbua. Kilichobaki ni dereva."

Nilimtazama mdogo wangu. Alijua kuhusu plasta kuliko mtu yeyote duniani, na neno lake moja lingeniaibisha na kumwokoa. Alitazama chini. Mimi ni dada yake mkubwa.

Nikasimama. Nikamwomba sir atoke nje nami, na madam akatufuata akijifunika ushungi vizuri. Joto lilitupiga usoni. Nikafungua mlango wa gari, nikazungusha ufunguo, nikaibandua plasta. Iling'ang'ania, ikaacha gundi, na katikati ya gundi taa ikawaka.

"Nimesema uongo," nikawaambia. "Inawaka tangu zamani. Nikisimama kwenye taa za barabarani gari linatetemeka, halafu linanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ndugu yangu hajawahi kuliendesha hata mara moja. Hili hakulifanya yeye."

Sir aliinama, akaitazama ile taa kwa makini. "Kwa nini uliifunika?"

"Kwa sababu ni gari la Kijerumani."

Madam alicheka. Kicheko kilimponyoka, akakiziba kwa mkono. Sir hakucheka. Alifikiri, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Pengine na wewe hujui kuendesha."

Hapo hasira ilinipanda hadi masikioni. Nimeendesha katika jiji hili bila hata kugusa bampa la mtu! Nilimuuliza: likienda vizuri, sifa ni ya nani? Ya kampuni, alisema, bila kuona mtego. Na likisimama? Macho yake yalikwenda mlangoni, kwa mdogo wangu. Nikamwambia kuhusu bibi yangu na daraja. Nikamwambia kuhusu mabanda ya mbao nyuma ya kiwanda. Nilisema mengi, naogopa, na mengine yalikuwa na sauti ya tasnifu. Mtu aliyesimama juani akihutubiwa na mwanamke mwenye plasta kidoleni ana haki ya kuchoka.

"Tutasubiri gereji," alisema madam, akikata. "Watoto wanamuulizia. Inshallah litakuwa jambo dogo."

Tulisubiri. Mdogo wangu alifua mapazia yangu, akatengeneza bomba la jikoni, akapika. Simu yangu ilipolia aliacha alichoshika. Jioni moja ililia tukiwa mezani, na kioo cha simu kikaonyesha ni sir. Mdogo wangu aliweka kijiko chini, akanikazia macho kama anayesoma midomo.

"Gereji wamenipigia," alisema sir. "Ni pampu ya maji. Imepasuka yenyewe. Wanasema magari yote ya toleo lile yanaitwa yarudi, ni kosa la kiwandani. Wanabadilisha bure."

"Kwa hiyo si dereva."

"Si dereva, khalas."

Nilingoja. Nilidhani kuna neno linalofuata baada ya hapo, katika lugha yoyote kati ya tulizonazo. Nikasikia anavuta pumzi, nikamwashiria mdogo wangu kwamba linakuja.

"Lakini umewaona?" alisema sir, na sauti yake ilijaa furaha ya kweli. "Hao ndio Wajerumani. Kosa lao, wamelisema wenyewe, wanalitengeneza wenyewe. Niambie, kampuni gani nyingine ingefanya hivyo?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na viboko, mabanda, moshi wa dizeli, kochi langu, vyote vimejipanga.

"Mwambie ndugu yako aje kesho asubuhi apeleke watoto shule," aliendelea. "Na mwambie asiliache tena likinguruma getini."

Upande wa pili wa meza mdogo wangu alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa ananipungia mikono yote miwili: kubali, dada, kubali tu.

"Sawa, sir," nikasema, na hasira yangu ikabaki pale mezani ikinguruma, bila kwenda popote.