Wali wa Fundi Pimamaji

Tuanze na sakafu, maana ndiyo iliyoleta balaa. Fundi Pimamaji, mwashi aliyekuwa kazini miaka thelathini na ushee, alisakafia bafu la nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, akaisugua saruji hadi ikang'aa, kisha akamwita mkewe aje aone kazi. Mkewe akaona, akasifu. Wiki ya pili akateleza humo na ndoo ya maji, akavunjika mkono wa kulia. Daktari akaufunga plasta kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Fundi aliikagua ile plasta, akakubali kwamba kazi si mbaya, ila kingo zingelainishwa kidogo.

"Wiki sita," daktari akasema. "Asishike kitu."

Basi nyumba ikabaki na mtu mmoja wa kupika, naye hajawahi hata kuchemsha yai. Si mvivu, msimwonee. Ni kwamba miaka yote hiyo alirudi kazini akakuta chakula kipo mezani, na hakuona sababu ya kuingilia kazi ya mtu anayeijua. Siku tatu za kwanza walikula mkate na chai, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa dada mkubwa wa mkewe, mwanamke ambaye akisema "haloo" unajikuta umesimama wima.

"Shemeji, Jumapili nakuja kula kwenu. Nikikuta mdogo wangu bado anakula mkate, namchukua akae kwangu mpaka apone. Wewe utabaki na sakafu yako."

Fundi aliweka simu chini. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, wako mbali. Bila mkewe, nyumba ile ingekuwa na nini? Kuta zilizonyooka tu. Wiki sita za kula peke yake na kulala peke yake, tena kwa kosa lake mwenyewe, aliziogopa kuliko kuanguka kutoka ghorofani.

"Nitapika wali," akamwambia mkewe. "Wali hasa, siyo wa kubabaisha. Nifundishe."

Alhamisi mkewe akakaa kwenye kiti jikoni, mkono shingoni kwa kitambaa, mwalimu kamili. Fundi akachambua mchele, akauosha mara tatu, akauweka sufuriani.

"Sasa tia maji."

"Kiasi gani?"

"Kiasi."

"Kiasi ndiyo ngapi, mke wangu? Mimi nimezoea ndoo kwa ndoo."

"Unapika au unajenga? Simamisha kidole juu ya mchele. Maji yakifika pingili ya kwanza, basi."

"Pingili ya kidole cha nani?"

Swali halikuwa la kijinga. Kidole cha fundi ni kinene kama mpini wa nyundo. Hakuitwa Pimamaji, kama kile kifaa cha mwashi cha kupimia usawa, bure. Mtu huyu hakuwahi kuamini jicho la mtu, hata lake. Alichukua mkono wa kushoto wa mkewe, akatoa futi kamba mfukoni, akapima pingili. Sentimita mbili na nusu. Akaandika ukutani kwa penseli.

Maji yalipokaribia kukauka, mkewe akatoka kwenda kupokea jirani aliyekuja kumpa pole. Fundi akabaki na sufuria, na hapo ndipo ufundi ulipomponza. Kila mwashi anajua kwamba zege likishamwagwa haliachwi likauke hovyo, litapasuka. Linanyweshwa maji na kufunikwa gunia bichi. Akauona wali unaanza kukauka, akaingiwa na huruma. Akachota maji kwa kiganja, akaunyunyizia. Baada ya dakika tano akaunyunyizia tena. Mwishowe akalowesha gunia, akalitandaza juu ya mfuniko.

Mkewe aliporudi alikuta uji. Alicheka hadi akaushika mkono uliovunjika.

"Baba watoto, zege ndilo linalonyweshwa! Wali ukikauka unauacha!"

Wakaula kwa vijiko. Ijumaa fundi hakunyunyizia kitu, lakini aliufunua mfuniko kila dakika kuangalia maendeleo, na wali ukatoka na kiini kigumu katikati.

"Mvuke ndio unaouivisha," mkewe akamwambia. "Ukiutoa wote nje, utaivishwa na nini? Wewe ukishafunika, toka. Nenda uani. Siamini mikono yako."

Jumamosi akatoka. Alikaanga vitunguu hadi vikawa rangi ya kahawia, akatia kitunguu saumu, karoti na njegere, akaukaanga mchele kidogo humohumo, akatia mchuzi wa kuku badala ya maji, pingili moja, chumvi, akafunika, akapunguza moto. Kisha akakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatokwa jasho kuliko siku ya kumwaga zege la ghorofa. Alipoitwa na kufunua, kila punje ilikuwa imesimama kivyake. Akaonja. Akaonja tena.

"Umeona?" mkewe akauliza.

"Niite majirani?"

"Kula kwanza."

Jumapili akapika vikombe vinne, kila kitu kama jana. Alipofunika, akaenda zake kwenye ndoo bila kuambiwa. Mkewe akaingia chumbani kubadili nguo, kazi ya nusu saa kwa mkono mmoja. Shemeji akafika mapema kuliko alivyosema, kwapani kabeba begi tupu, begi ambalo fundi alilitazama kama hati ya mahakama.

"Kaa hukohuko, shemeji," dada akasema akipita mlango wa jikoni. "Najipitia mwenyewe."

Saa saba wakakaa mezani. Fundi akaleta sufuria, akafunua kwa madaha. Juu kulikuwa na bokoboko, wali umelowa kama uji.

Shemeji akatazama begi lake. Mkewe akafumba macho. Lakini fundi hakuacha kuwa fundi. Akachukua upawa, akauzamisha pembeni mpaka chini, akaupandisha polepole. Chini wali ulikuwa mkavu, punje kivyakevyake, na ukoko wa rangi nzuri. Juu ndiko kulikolowa.

Mtu aliyesimamia vibarua miaka thelathini hahitaji kuambiwa. Wakichoka kukoroga zege huongeza maji ukigeuka, nawe unayaona tu baadaye kwenye kazi.

"Chini kumekaa sawasawa," akasema, anaiambia sufuria. "Maji haya yametoka juu. Tena yametiwa baadaye."

Mkewe akafumbua macho, akamgeukia dada yake.

"Dada?"

"Vikombe viwili," dada akasema. "Vya maji baridi."

"Dada! Kwa nini?"

"Kwa sababu nilifunua nikanusa." Sauti yake, ile ya kumsimamisha mtu wima, ilikuwa imepungua. "Nikajua huji tena. Na mimi nimekutandikia kitanda tangu Jumatano. Nimesafisha chumba. Watoto wameondoka, nyumba nzima kinachoongea ni friji tu. Nilisema, angalau wiki sita nitakuwa na mtu."

Kazini, fundi aliwahi kumfukuza mtu kwa kikombe kimoja cha maji. Hasira ilimpanda sana, msidhani haikumpanda. Akasimama. Mkewe akamshika shati kwa mkono wa kushoto, na fundi akamtazama shemeji yake, mwanamke mzima anayekunja na kukunjua mkanda wa begi tupu, akaona kitu alichokiogopa yeye mwenyewe siku nne nzima.

Akakaa. Akaparua bokoboko yote ya juu, akaitenga. Ule mkavu wa chini akaugawa sahani tatu, haba lakini safi.

"Hicho kitanda ulichotandika," akasema, "upana wake?"

"Futi nne."

"Kikilazwa ubavu kitapita mlango wa chumba cha watoto. Kesho nakifuata kwa mkokoteni, utakaa nasi mpaka mgonjwa apone, na zaidi ukitaka. Huyu hatoki hapa. Ila shemeji, jikoni kwangu huingii."

Shemeji akacheka na machozi yakamtoka papo hapo, akala ili ayafiche.

"Jikoni kwako?" mkewe akauliza. "Tangu lini?"

Fundi alikuwa ameinamia sufuria, anabandua ukoko ili amwekee mgeni.