Ruhusa Niliyoombewa Stesheni

Jumamosi mchana, watoto wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, hapa Kolwezi, tulijaa ukumbini kumsikiliza injinia. Alikuja na pampu ya baiskeli na beseni la maji, akatuonyesha jinsi maji yanavyotolewa kwenye shimo la shaba ili mashine zisizame. Wavulana walikaa mbele, kama kawaida yao. Mimi nikasimama kule nyuma nikauliza, umeme ukikatika je? Akacheka. "Uyu ndiye injinia," akasema. Weee! Siku hiyo nilirudi nyumbani mbio, kuomba nisome ufundi.

Baba hakutaka hata kusikia. Shule ya ufundi, msichana? Tena mshahara wenyewe ulikuwa hauji, kampuni inakufa mbele ya macho yetu. Lakini kwetu jambo zito mtoto haombi mwenyewe; mtu mzima huja nyumbani, akala, ndipo akasema. "Mutu mukubwa akuye amusemee," baba akasema, akidhani amenimaliza. Nikamwomba injinia, akakubali kuja Jumapili. Mama akamtengea kuku.

Jumapili hakufika. Watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, walianza kufukuzwa, na yeye, aliyezaliwa hapahapa, akaambiwa arudi kwao. Kwao wapi? Hasira hiyo bado ninayo. Majirani waliokula naye walisimama barabarani wakimzomea. Familia yake ikaenda kulala stesheni pamoja na umati wa wenzao, kungojea treni.

Nililia mpaka mama akanichoka. Akachinja kuku, akapika, akamwekea baba sufuria mbele. "Mugeni hawezi kukuya. Basi wewe wende."

Baba alikuwa mwoga, nasema wazi, lakini alibeba sufuria akaenda stesheni, nami nyuma yake. Akaketi juu ya mizigo ya watu, akangoja injinia na wanawe wamalize kula.

"Tata," injinia akamwita baba kwa heshima, akinawa mikono kwa maji ya chupa, "uyu mutoto iko na akili. Umuache asome."

"Minasikia, tata," baba akajibu.

Shule ilipofunguliwa, baba mwenyewe alinipeleka. Mwalimu wa hesabu hakuwepo, wala wa umeme, wala wa michoro. Wote walikuwa wameondoka na treni zilezile. Mlinzi akatuambia turudi nyumbani. Baba akamshika shati. "Mi minakubali!" akapiga kelele. "Unasikia? Minakubali asome!"