Simu Sikioni mwa Dereva

Leo asubuhi mwendesha bodaboda alifungua tanki kuangalia mafuta, na harufu ya petroli ikanifikia kabla ya salamu yake. Nikamvuta binti yangu karibu.

Utotoni niliwahi kukaa juu ya tanki kama hilo, mbele ya dereva, maana ndipo watoto tulipowekwa. Mama alikaa nyuma yake, mdogo wangu akiwa mgongoni. Tulitoka gulioni Mabamba. Mteremkoni dereva alizima injini ili abane mafuta, pikipiki ikaserereka kimya, upepo ukinitoa machozi. Simu yake ikaita.

“Nishikie hapa sikioni,” akaniambia.

Nikaachia usukani nikainua mkono, nikijiona mtu mkubwa.

“Buhoro, buhoro!” Mama alimsihi kwa Kiha apunguze mwendo. Dereva akacheka, lakini na mtu wa kwenye simu.

Kwenye kona, mbuzi walikuwa wamejaa barabarani. Akakanyaga breki, tukayumba hadi ukingoni mwa mtaro, simu ikaniponyoka. Hatukuanguka. Dereva akashuka, akaanza kuitafuta simu yake vumbini huku akifoka. Mama alinikumbatia, akamwambia dereva, “Tusamehe, kaka. Ni mtoto.”

“Mtoto akae hapa mbele,” mwendesha bodaboda wa leo aliniambia, akipigapiga tanki.

Binti yangu alikuwa ameshainua mikono abebwe.

Sikuomba msamaha. Nilimshika mkono, tukaanza kutembea.